Besi ya Mama Nelvine

Wageni walifika Jumanne, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa. Kipsang alipowaona wakivua viatu vyenye matope mlangoni, alijua hawakuja kwa salamu tu. Mzee Chepyegon, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa, alikuwa amevaa koti la Jumapili katikati ya wiki. Mwalimu Phelix, anayeongoza uimbaji, aliingia nyuma yake akitazama sakafu kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

"Chamgei," alisalimu Mzee Chepyegon.

"Chamgei mising, mzee. Karibuni, ketini."

Mama Rodah, mamake Kipsang, aliwamiminia chai. Wakaongea habari za mvua. Wakaongea habari za bonasi ya majani chai, jinsi ilivyopanda kwa wenzao na kushuka kwao. Mzee Chepyegon akauliza ng'ombe ngapi zina mimba, akajibiwa, akasifu. Kutoka nje, ng'ambo ya kisima, kulisikika mngurumo mzito wa taratibu, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Bilhah, mke wa Kipsang, aliyeitwa Mama Nelvine kwa jina la mtoto wao, alikuwa studio akipigia besi tangazo la dawa ya kupe la redio. Kila ngurumo ilipokuja, mwalimu Phelix alitikisa kichwa kidogo bila kujijua, kisha akajikumbuka na kukaza shingo.

Kikombe cha pili kilipofika nusu, Mzee Chepyegon alikohoa.

"Sasa, Kipsang. Hii mambo ya kurekodi kwaya. Kamati ilikaa."

"Ndiyo, mzee."

"Ikaona ni vizuri twende Nakuru."

Kipsang aliweka kikombe chini. "Nakuru? Na Mama Nelvine ako hapa?"

"Si ubaya wa kazi," mwalimu Phelix akadakia haraka. "Kazi yake tunaijua, hata mimi nimesema. Ni ile tu…"

"Ni ile hoteli," alisema mzee. "Kila Jumamosi mama anapiga muziki Kericho, na watu wanakunywa. Nyimbo za kanisa zikitoka na jina yake, watu watasema nini? Na wewe mwenyewe, jina yako iko kwa wale tunataka wawe wazee wa kanisa. Hatutaki maneno."

Kipsang alikuwa mtu mpole kwa jirani na kwa ng'ombe, lakini alikuwa na kiburi fulani kilichokaa chini kabisa, na kikiguswa kilitoka bila kubisha hodi. Alisimama.

"Hiyo maziwa mnakunywa kila Jumapili baada ya ibada, inatoka boma gani? Si ni ya huyo mama wa hoteli? Basi na iache kuja. Mtakunywa strungi. Na hiyo jina yangu, itoeni."

"Kipsang," mamake alisema.

"Itoeni leo."

Wageni walitafuta viatu vyao. Mwalimu Phelix alimwamkua Mama Rodah mara mbili akidhani anamuaga.

*

Bilhah alitoka studio hedifoni zikiwa shingoni, akamkuta mumewe akizungukazunguka uani kama jogoo aliyenyang'anywa jaa. Alisikiliza habari yote, halafu akacheka.

"Nakuru kuna studio nzuri. Waache waende."

"Unacheka?"

"Nilie? Nina tangazo la kupe la kumaliza."

Bilhah alikuwa mzaliwa wa Londiani, binti wa wafanyabiashara wa viazi waliotoka upande wa Nyeri zamani. Kwa miaka mingi alipiga besi katika bendi za jazi za mahoteli ya Nairobi. Si ile besi ya kuning'iniza shingoni bali ile ya kusimama, fidla kubwa ya mbao inayompita mtu kimo. Mchana alijifunza kazi ya studio, kwanza kukunja nyaya, baadaye kurekodi, na mwishowe watu walikuwa wakisema wimbo haujaiva mpaka Bilhah aupike. Alipoolewa Kimulot, alihama na besi yake, kompyuta, maikrofoni nne na spika mbili, akaviweka vyote katika nyumba iliyokuwa ya ndama. Kuta alizipanga marobota ya nyasi kavu ili sauti isirudi, na darini pia, kwa sababu ya mvua kwenye mabati. Watu waliiita Studio ya Ndama. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli. Siku hizi liliandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Vijana wa kufokafoka walikuja kutoka Litein, kwaya zilikuja kutoka Ndanai, na msanii mmoja wa harusi alikuja kila mwezi kurekodi wimbo uleule kwa jina la bibi harusi mwingine. Tatizo lake lilikuwa moja: ng'ombe waliujua ukuta kuwa chakula, na mlango ukiachwa wazi, studio ililiwa.

Mama Rodah ndiye aliyekuwa taabani. Alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ile tangu Kipsang akiwa mgongoni.

"Mimi nitaenda Nakuru," alitangaza wakati wa chakula. "Msinune. Nilikuwa kwa kwaya kabla hamjajuana."

"Nenda, mama," alisema Bilhah. "Nitakununulia kitambaa kipya cha kichwa."

Jumapili iliyofuata kanisa lilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Kipsang aliketi kwenye benchi lake la kawaida, mikono kifuani, akitazama nyuso zikikunjika juu ya vikombe vyeusi. Hakuna aliyemwambia neno, ila mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba hata Waisraeli jangwani walipewa maziwa na asali. Kipsang alijifanya anasoma Biblia.

*

Kwaya ilienda Nakuru na kurudi siku hiyohiyo. Mama Rodah alishuka akiwa na kitambaa chake kipya na uchovu wa furaha. Alisema kijana wa studio ile alikuwa na adabu, studio ina zulia, na kila mmoja alipewa soda.

"Ametuambia wamama wa sauti ya pili tumefanya vizuri sana. Ametaja sisi peke yetu."

Baada ya wiki moja mwalimu Phelix alituma wimbo kwa simu za wanakwaya wote. Mama Rodah aliketi jikoni, akausikiliza. Akausikiliza tena, simu ikiwa imebanwa sikioni. Bilhah aliyekuwa akimenya viazi alimwona akiitikisa simu kama mtu anayetikisa kibiriti kusikia kama zimebaki njiti.

"Bilhah, simu yangu imezeeka. Haitoi sauti yote. Hebu niwekee kwa zile spika zako, unitafutie mahali niko."

Walivuka uani. Kipsang alikuwa ametoka kunywesha ng'ombe maji, akasimama mlangoni na ndoo tupu. Wimbo ulianza kwa ngoma za mashine na kinanda kinachometameta kama taa za Krismasi. Wanaume walisikika, wasichana wa sauti ya kwanza wakasikika, wakiwa wamenyooshwa hadi wakafanana wote kama watoto wa mama mmoja. Bilhah alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akapunguza hiki na kile, akasikiliza tena. Alijua tangu ubeti wa kwanza, lakini aliendelea kutafuta kwa sababu hakujua atasemaje.

"Sema tu," Mama Rodah alisema.

"Hamko, mama. Wametoa sauti ya pili yote. Wameweka kinanda mahali penu."

"Wote? Hata mke wa Chepyegon?"

"Wote."

Mama Rodah alivuta kona ya kitambaa chake. "Labda ni kwa sababu tunatetemeka. Sauti ya mzee inatetemeka." Kisha akasema, polepole, "Lakini alitupatia soda."

Kipsang aliiweka ndoo chini kwa kishindo, akaondoka kabla mamake hajageuka kumwona uso.

*

Habari zilisambaa kwa wamama wa sauti ya pili kabla ya jua kuzama. Kesho yake walisusa. Walisema ule uzinduzi wa nyimbo, uliokuwa umetangazwa tayari, mgeni wa heshima akiwa ameshaalikwa, waufanye wenye kinanda. Mke wa Mzee Chepyegon, ilisemekana, alikuwa amesusa pia jikoni.

Ndipo Mzee Chepyegon alipopanda tena kilima kwa Kipsang. Safari hii hakuvaa koti. Alimkuta shambani, katikati ya michai, pamoja na wachumaji wake wanne, vikapu mgongoni. Bilhah alikuwa ameenda Litein kununua waya.

"Kipsang, kijana yangu. Tumekuja kuona kama mama anaweza kutusaidia. Vile ilienda Nakuru, haikuenda."

Kipsang hakuacha kuchuma. "Studio imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi. Rudini Nakuru mkapewe soda."

Wachumaji walicheka. Si kwamba walimchukia mzee, ila neno lilikuwa limepata mahali pake. Mzee Chepyegon alisimama kidogo, akaweka kofia yake sawa, akageuka. Mvua ya jana ilikuwa imeifanya njia sabuni. Alipofika penye mteremko aliteleza, akaketi kwenye matope, akainuka polepole bila kutazama nyuma. Hapo hakuna aliyecheka.

Ladha ya ushindi ilimkaa Kipsang mdomoni mpaka Bilhah aliporudi.

"Mwalimu Phelix amenipigia simu," alisema kabla hata hajatua mkoba. "Nani amekwambia studio imefungwa?"

"Nilikuwa nakutetea."

"Nilikutuma? Ile ni kazi yangu. Mtu amekuja kunipatia kazi, wewe unamfukuza kama kuku! Na mama yako huko ndani anataka kusikia sauti yake. Umemfungia yeye, hukumfungia Chepyegon."

"Walikutukana kwa nyumba yangu, Bilhah. Eti mama wa hoteli."

"Na mimi ni mama wa hoteli! Ninapiga jazi hotelini na ninaipenda. Mimi hiyo hainiaibishi. Inakuaibisha wewe."

"Mimi?"

"Miaka minne unanipeleka kila Jumamosi. Unaibeba besi mpaka mlangoni, unaifunika na blanketi kama mgonjwa. Halafu unarudi kukaa kwa pikapu. Hata siku moja hujaingia."

"Ninalinda gari."

"Besi ikiwa ndani na mimi niko ndani, ni nini imebaki ya kuibwa? Mikebe ya maziwa?"

Kipsang alitaka kukasirika, lakini hasira haikupata mahali pa kushika. Ilikuwa kweli. Kila Jumamosi alijiambia kuna baridi, au viatu vyake ni vichafu, au mtu wa kanisa anaweza kupita akamwona akiingia mahali penye chupa. Alikuwa amempigania mkewe dhidi ya kamati nzima kwa jambo ambalo yeye mwenyewe aliliogopa kama wao. Aliketi kwenye kizingiti, akavua gamboti moja, akasahau kuvua ya pili.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Unajua njia ya kituo cha majani," Bilhah alisema, sauti ikiwa imelainika. "Kesho Chepyegon atakuwa huko."

*

Kituo cha kununulia majani kilikuwa kimejaa. Wakulima walisimama kwenye mstari na magunia yao, wakingoja lori la kiwanda, na kila aliyesikia habari ya matope alikuwa pale. Kipsang alitua gunia lake, akamwendea Mzee Chepyegon mbele ya macho yote hayo.

"Mzee, chamgei."

"Chamgei. Ng'ombe zako ziko aje?"

"Ziko salama, mzee. Nimekuja—"

"Na ile nyeusi, ilizaa?"

"Ilizaa. Mzee, nimekuja—"

"Ndume ama jike?"

"Jike, mzee." Kipsang alihisi jasho likitiririka chini ya shati. Mstari wote ulikuwa umegeuka kuwatazama. "Mzee, jana nilikukosea. Ulikuja kwangu na heshima, nikakujibu vibaya mbele ya watu. Naomba msamaha mbele ya watu."

Mzee Chepyegon aliweka kofia yake sawa. "Ile suruali," alisema, "mama ameiosha mara mbili na bado iko na matope."

"Pole, mzee."

"Na sisi pia tulikukosea. Hiyo maneno ya hoteli, mimi ndio nilileta kwa kamati. Sijawahi hata kufika huko. Nilisikia tu." Alinyoosha mkono. "Jina yako hatukutoa. Kalamu ilikosa wino."

Wakashikana mikono. Kutoka mwisho wa mstari mama mmoja alipaza sauti, "Na maziwa je? Strungi imetumaliza!" Kituo kizima kikaangua kicheko, na Kipsang akacheka pamoja nao, akiona kifua chake kimekuwa chepesi kuliko gunia alilolitua.

*

Siku ya kurekodi, kwaya nzima ilijibana katika Studio ya Ndama. Walitakiwa waanze asubuhi, kwa kuwa kila mtu anajua mvua ya huko huja alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Lakini kulikuwa na kukamua, kulikuwa na majani ya kupeleka, na mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu alipatwa na chafya za nyasi zisizokoma. Walipokuwa tayari, wingu lilikuwa limeshatoka msitu wa Mau.

Bilhah aliwapanga. Wamama wa sauti ya pili aliwaweka mbele kabisa, karibu na maikrofoni nzuri zaidi. Mzee Chepyegon, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa na ilikwenda ilikotaka, alimpeleka mwisho, karibu na mlango.

"Mbona mbali hivi?" aliuliza mzee.

"Sauti yako ni ya ngurumo, mzee. Ngurumo husikika vizuri ikitoka mbali."

Mzee aliliona jambo hilo kuwa la haki, akasimama pale akiwa amenyoosha mgongo.

Walijaribu mara ya kwanza, wakaimba kama watu waliobanwa na viatu vipya. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi. Kisha mvua ya mawe ikashuka. Nyasi za darini ziliweza mvua ya kawaida, lakini mawe yaligonga mabati kama changarawe inayomwagwa na lori, na hakuna aliyeweza kusikia hata jirani yake. Bilhah alivua hedifoni. Wakangoja. Chai ililetwa, ya maziwa, wakaishangilia.

Katikati ya kelele hizo Mama Rodah alianza kuimba, si kwa ajili ya mtu, ila vile anavyoimba akichuja maziwa. Wenzake wa sauti ya pili wakamfuata. Bilhah aliinuka, akaikumbatia besi yake kubwa, akaanza kutembea nayo chini ya sauti zao, nota moja moja, bila haraka, kama mtu anayeshika mkono wa mzazi kwenye utelezi. Mabega ya watu yalishuka. Wanaume wakaingia, wasichana wakaingia. Hakuna aliyetambua kwamba mawe yamekoma isipokuwa Bilhah. Alimtazama Kipsang, aliyekuwa ameketi karibu na kompyuta, jicho likiwa mlangoni ng'ombe wasiingie, akainua kidevu kuelekea kitufe chekundu.

Kipsang alikitazama kidole chake, kimekuwa cheusi kwa utomvu wa majani chai. Alikifuta kwenye suruali, akabonyeza.

Waliimba wimbo wote hivyo, vikombe mikononi. Ulipoisha Bilhah aliinua mkono wasiseme neno mpaka mlio wa mwisho wa besi ufe wenyewe. Ndipo akawachezea. Sauti ya Mama Rodah ilianza peke yake, ikitetemeka kidogo, kisha nyingine zikaja kuikalia karibu. Mama Rodah alisikiliza amefumba macho, mkono mdomoni.

"Huyo ni mimi," alimwambia mke wa Chepyegon. "Na huyo, huyo ni wewe."

"Na mimi?" Mzee Chepyegon aliuliza kutoka mlangoni. "Kumbe niko huko nyuma! Sikilizeni. Kama ngurumo kabisa."

Nyimbo zilizinduliwa Jumapili ile iliyopangwa, na jina la Bilhah likasomwa kanisani kwa sauti na Mzee Chepyegon mwenyewe, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alikosea kulitamka.

*

Jumamosi iliyofuata, Kipsang alipokuwa akiifunga besi nyuma ya pikapu, mamake alitoka nyumbani amevaa kitambaa chake kipya.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kericho. Nataka kuona hiyo hoteli inafukuza watu mbinguni."

Walipofika, Kipsang aliibeba besi mpaka mlangoni. Kisha akasimama. Mama Rodah hakusimama. Aliingia moja kwa moja, na kwa kuwa pale mlangoni kulikuwa na ngazi na magoti yake hayakuwa ya kuaminika, ilibidi mtu amshike mkono. Kipsang akajikuta ndani.

Palikuwa na veranda pana inayotazama mashamba ya chai. Meza moja ilikuwa na kamati ya harusi iliyokuwa ikibishana juu ya hema. Nyingine ilikuwa na daktari wa mifugo aliyelipia lile tangazo la dawa ya kupe, aliyempungia mkono. Chupa zilikuwepo, ndiyo, lakini birika za chai zilizidi. Mhudumu alikuja, Kipsang akaagiza chai ya watu wawili, akaficha viatu vyake chini ya kiti.

Bendi ilianza. Kulikuwa na mpiga piano mwenye upara, kijana wa ngoma, mwanamume mnene wa saksafoni, na nyuma yao wote Bilhah, besi begani. Watu walimtazama wa saksafoni. Kipsang aliona kwamba hakuna aliyemtazama mkewe, lakini chini ya meza miguu yote, ya kamati ya harusi na ya daktari, ilikuwa ikimtii yeye. Saksafoni iliruka huku na huku, na kila iliporudi ilimkuta palepale, amefumba macho, akitabasamu peke yake kwa namna ambayo Kipsang, mume wake, hakuwa ameiona. Miaka minne tabasamu hilo lilikuwa likitokea upande wa pili wa ukuta, naye akiwa kwenye pikapu akisikiliza bei ya mahindi redioni.

Bilhah alifumbua macho. Akamwona mama mkwe wake amekaa wima kama kanisani, na kando yake Kipsang, kikombe mkononi. Kidole chake kikateleza kwenye uzi wa besi. Nota moja ilitoka mahali pasipo pake. Mpiga piano aligeuza kichwa kwa mshangao. Bilhah alicheka waziwazi, akatikisa kichwa, akaukimbilia wimbo na kuukamata mbele.

Mama Rodah aliinama kwa mwanawe. "Amekosea?"

"Ndiyo, mama."

"Ni sisi tumemkosesha," alisema Mama Rodah, ameridhika kabisa, akavuta kiti chake mbele.